Na Mama Yake Je?

Juzi, kwenye kliniki ya meno mtaani Shively, huku ughaibuni, runinga ilikuwa ikisimulia maisha ya mwigizaji mmoja wa zamani wa Hollywood, mtanashati kweli kweli. Kabla ya kumpa nafasi ya shujaa, wakubwa wa studio walimbadilisha jina, wakamnyoosha meno, wakamfundisha kuongea upya.

Mama mmoja Mkongo akakunja mikono, akamgeukia binti yake.

“Bon, na mama yake? Siku alimuona mu filme, alimutambua kweli?”

Binti akamjibu kwa Kiingereza kwamba hajui, macho kwenye simu. Mama akabaki akiangalia nyaya mpya kwenye meno ya bintiye.

Mimi nilipotoka tu, nilimpigia mama yangu Eldoret, nikaongea kwa lafudhi ileile aliyonilea nayo. Tahadhari tu.