Mzigo wa Bibi wa Bwawani

Kuhusu samaki wa bwawa lile naweza kukudanganya. Nimewahi kuapa kwamba nilivua kambale mkubwa kuliko ndama. Kuhusu Hamisi sidanganyi. Nilikuwa nyuma yake, na jua la alasiri lilikuwa linawaka.

Tulikuwa tumehitimu masomo ya usiku ya watu wazima, tunasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo! Hamisi alikuwa mchumba wa dada yangu, harusi inangoja mavuno tu. Tukatoka Kilimatinde kwenda kutembea bwawani, tuone ndege na mahali kilipokuwa kijiji cha zamani. Watu wake walihamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba na makaburi vikafunikwa na maji.

Ukingoni tukamkuta bibi kajitwika jiwe la kusagia. Umewahi kuona mtu akitembea na jiwe la kusagia?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu. Siku hizi mnasalimia tu, mzigo hampokei?"

Wewe ungefanyaje? Kwetu kumwacha mzee na mzigo ni sawa na kumtukana. Hamisi akacheka, akalipokea jiwe pamoja na ngata yake ya majani, akajitwika.

"Kwako wapi, bibi?"

Akaonyesha kwa kidevu, katikati ya maji. Niamini, pale palikuwa panafuka moshi wa jikoni.

Hamisi akaingia majini. Magotini. Kiunoni.

"Litupe, shemeji!"

"Nitatupaje mzigo wa mzee kabla sijamfikishia?" Alikuwa analia. "Shingo haigeuki. Mwambie dada yako..."

Nikajitosa, nikamshika shati. Kikabaki kipande mkononi. Nilipogeuka, bibi hayupo, na tope aliposimama halikuwa na unyayo hata mmoja.

Wavuvi waliutoa mwili wa Hamisi kesho yake. Jiwe halikuwepo. Ngata ilikuwa bado kichwani, kavu kabisa, inanuka moshi. Dada yangu hakuolewa tena; ngata ameitundika juu ya kitanda chake, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Mimi watu wananiita mtu asiye na adabu. Mama yangu mwenyewe akirudi na kuni, nasimama mlangoni namtazama mpaka azitue mwenyewe. Inaniuma sana. Lakini wewe unayekwenda kutembea bwawani, waamkie wazee wote, piga na magoti ukipenda. Mikono iweke mgongoni, mpaka mzee akuonyeshe kwake, napo pawe nchi kavu.