Hollis Averill Bado Yupo

Mara nne kwa mwaka barua zilimiminika jikoni kwa Bernice Wojtas, na kila barua ilikuwa na furaha au msiba wa mtu. Fulani amepata mjukuu wa saba. Fulani kafiwa na mume. Fulani kabadilishwa goti, sasa anapanda mlima tena. Bernice alizisoma akinywa kahawa, akachambua, akafupisha, kisha akaandika habari za darasa lao, waliohitimu mwaka sitini na tisa, kwa ajili ya jarida la chuo. Katibu wa darasa halipwi, na wengi huikimbia kazi hiyo. Bernice aliiomba mwenyewe mwaka themanini na tisa. Wenzake wakampigia makofi wakidhani ni moyo mzuri tu.

Alikuwa na moyo mzuri, hilo si uongo. Mwenzao akifiwa, Bernice alimwandikia kwa mkono, si kwa mashine. Lakini kulikuwa na mwenzao mmoja aliyeitwa Hollis Averill, na kwa huyo moyo wa Bernice ulikuwa jiwe.

Hollis alituma habari nyingi kuliko wote. Nyumba mpya ya kando ya ziwa, harusi ya binti iliyohudhuriwa na watu mia tatu, safari ya Ugiriki, kurasa nne kila msimu, zikianza na “Bernice mpenzi.” Bernice alizisoma zote bila kuruka neno. Kisha akaandika: “Hollis Averill bado yupo.” Basi. Msimu uliofuata: “Hollis Averill bado yupo.” Miaka thelathini! Wenzao wakacheka, wakasema Hollis siku hizi kawa mchoyo hata wa habari. Hollis hakulalamika hata mara moja, na Bernice alijua kwa nini.

Ilikuwa Mei, mwaka wao wa mwisho chuoni. Bernice alikuwa binti wa fundi wa kiwanda cha karatasi katika mji wa Chicopee, Marekani, mwenye asili ya Kipolandi, anayesoma kwa ufadhili na kuosha vyombo katika bwalo la wenzake. Alikwisha kukubaliwa kusomea udaktari. Ukabaki mtihani wa kemia.

Chuo chao cha wanawake kilijivunia ahadi ya uaminifu. Mwalimu aligawa maswali akaondoka, chumba kikabaki bila msimamizi, na mwishoni kila msichana akatia sahihi kwamba hakutoa msaada wala hakupokea. Aliyemwona mwenzake akiibia majibu alitakiwa kumripoti. Hollis alikaa nyuma ya Bernice. Jioni hiyo hiyo akaenda kumripoti Bernice.

Vijitabu vyao vya majibu vikatazamwa. Swali la nne wote wawili walikuwa wamekosea, na kosa lilikuwa moja, tarakimu kwa tarakimu. Ni nani aliyemtazamia mwenzake? Baraza la nidhamu la wanafunzi, wasichana watano, lilikaa katika chumba cha maktaba, chini ya picha ya babu yake Hollis aliyeijenga maktaba hiyo, likamwamini aliyesema kwanza. Bernice akapewa sifuri. Nafasi ya udaktari ikafutwa. Na kwa kuwa shauri la baraza ni siri ya maisha, hakuna mwingine darasani aliyejua.

Nyumbani alisema udaktari umemchosha kabla hajauanza. Baba yake alizima redio akatoka nje. Mama yake, aliyekwisha kuwatangazia wanawake wote wa parokia, aliacha kwenda misa ya saa nne, akawa anakwenda ile ya alfajiri ambayo watu ni wachache. Alikwenda hiyo mpaka alipokufa.

Bernice akapata kazi ya kupima damu katika maabara ya hospitali. Miaka arobaini na mmoja alitazama damu za watu waliokuwa wakitibiwa na madaktari aliowazidi akili. Hakuolewa. Alilea watoto wawili wa dada yake, akawafunga kamba za viatu, akawakalia homa. Mtu angemwona angesema huyu mama hajui hata kununa.

Alipostaafu alijifunza kwamba sheria inamruhusu mhitimu kuomba faili la shauri lake. Akaliomba. Likaja na nakala za vijitabu vyote viwili, chake na cha Hollis. Alikaa navyo asubuhi nzima, mpaka akaona. Bernice aliandika saba kama alivyofundishwa na baba yake, Kipolandi, na kijistari kikikata katikati. Hollis aliandika saba tupu, kama Wamarekani wote: swali la kwanza tupu, la pili tupu, la tatu tupu. Swali la nne, saba zote zina kijistari. La tano, tupu tena. Alikuwa amenakili mpaka mwandiko wa mwenzake.

Mtu mwingine angepiga simu siku hiyo hiyo. Bernice hakutaka simu. Alitaka darasa zima liwe limeketi, na Hollis aanze mwenyewe. Akangoja miaka minane.

Ukaja mkutano wa miaka hamsini. Desturi ni kila mhitimu aandike ukurasa wake kwa ajili ya kitabu cha darasa, na hapo katibu hana ruhusa ya kugusa hata nukta. Hollis akatuma wake. Alieleza nyumba na wajukuu, kisha akaandika: “Chuo kilinifundisha uaminifu. Katika mwaka wetu wa mwisho nililazimika kumripoti rafiki yangu aliyeniibia majibu. Nililia, lakini nilifanya lililo sawa, na nimelala vizuri tangu siku hiyo.”

Bernice aliusoma amesimama. Akauchapa neno kwa neno.

Jumamosi waliandamana uwanjani na nguo zao nyeupe na riboni za kijani, wenye fimbo na wenye viti vya magurudumu mbele, kisha wakaingia hemani kula. Baada ya chakula ni kazi ya katibu kusoma kurasa kadhaa kwa sauti.

“Utasoma za nani?” aliuliza Roz, mwenyekiti wa darasa, mwanamke mnene mwepesi wa kucheka. “Mie wangu uruke, shoga, mume wangu wa pili yuko pale.”

“Nitaanza na wa Hollis.”

“Ha! Huyo si bado yupo tu? Leo kaongeza nini?”

“Utasikia.”

Akausoma wote, taratibu, bila kuupindisha. Alipofika kwenye kulala vizuri, aliweka kitabu chini.

“Hollis, simama kidogo, mwenzangu.”

Hollis alisimama. Mrefu bado, nywele nyeupe zimepangwa vizuri, leso mkononi.

“Mtaje huyo rafiki.”

“Bernice mpenzi, hayo ni ya zamani.”

“Ya zamani ndiyo tuliyoyajia.”

Watu wakacheka. Roz akadakia, “Mtaje bwana! Tuna miaka sabini na moja, nani atafukuzwa chuo sasa?”

“Mambo ya baraza ni siri,” alisema Hollis. “Unajua hivyo.”

“Siri umeitoa wewe. Ukurasa wa tisini na moja.”

“Sitaki kumwaibisha mtu.” Leso ilikuwa imeanza kusokotwa.

“Basi nitakusaidia,” alisema Bernice. “Ni mimi.”

Kicheko kikakatika. Mume wa mtu aliyekuwa akikoroga chai aliacha kijiko ndani ya kikombe. Bernice aliona nyuso zinavyomgeukia, nyuso zilizomwandikia kwa miaka thelathini, na macho mengine yalikwisha kuanza kumpima upya. Kumbe mwizi! Alijua kwamba asipomaliza sasa, atakufa na jina hilo.

Alikwenda meza ya katikati alipokaa Hollis, kwa Adele Fenwick. Adele ndiye aliyeongoza lile baraza la wasichana watano, na baadaye alikuwa hakimu miaka ishirini. Bernice akamwekea nakala mbili mbele ya keki yake.

“Mheshimiwa, tazama saba. Swali la tatu, la nne, la tano. Chake na changu.”

Adele alivaa miwani. Alitazama kimoja, akatazama cha pili, akarudia. Kisha akatoa kalamu mkobani, akageuza kadi ya vyakula upande usioandikwa, akaisukuma hadi ukingo wa meza, alipokuwa amesimama Hollis.

“Hollis, niandikie saba.”

“Adele, huu ni upuuzi.”

“Ni tarakimu moja tu, dada. Iandike kama unavyoiandika siku zote.”

Hollis aliitazama kalamu. Mkono ulikwenda nusu ya njia, ukarudi kwenye leso.

“Nilikuwa na miaka ishirini na moja,” alisema.

“Na mimi nilikuwa nayo hiyo hiyo,” alisema Bernice.

Adele alivua miwani, akaziba macho kwa kiganja. “Vijitabu hivi nilivishika kwa mikono yangu,” alisema. “Bernice, nilivishika, sikuona.”

“Hukuvitazama. Ulitazama ile picha ukutani.”

Bernice hakumwongezea neno. Aliyemjia pale alikuwa mmoja tu, Hollis.

“Samehe basi, shoga,” Roz alimnong'oneza, akimshika kiwiko. “Angalia alivyo.”

“Nimemwangalia miaka hamsini, Roz. Leo mwangalieni nyinyi.”

Hollis akachukua mkoba wake. Meza yake ilikuwa katikati kabisa ya hema, na viti vilibanana. Ilimbidi apite nyuma ya kila kimoja, akisema samahani, samahani, na wanawake wenye riboni za kijani wakavuta viti inchi moja, bila kugeuza shingo. Bernice alirudi mahali pake akafungua kitabu penye ukurasa uliofuata. Hakuanza kusoma. Alitaka zile samahani zisikike zote, moja moja, mpaka ya mwisho kule mlangoni.