Kikombe cha Otieno

Nilipokuwa mtoto kule Kendu Bay, kiota cha ndege kilikuwa dawa. Osogo, wale ndege wa manjano, hupiga kelele tangu alfajiri. Basi watu walisema mtoto asiyezungumza akinywa maji ya kiota chao, ulimi utafunguka. Mdogo wangu Otieno alikuwa hazungumzi. Akiwa na kiu alileta kikombe, akakigonga mlangoni, ko, ko, kisha akasubiri.

Dani, nyanya yetu, alichemsha kiota kizima: nyasi, manyoya, mavi na yote. Maji yalitoka ya kijani, yana povu. Shangazi alimshika Otieno kichwa, dani akambana pua, wakamnywesha kwa kikombe kile kile. Alitapika mpaka nyongo.

"Maneno yatatoka tu," dani alisema, akimjazia tena.

Wazee nawaheshimu, lakini hili linanitia kinyaa hadi leo, na si kwa sababu ya mavi ya ndege. Otieno alikuwa na neno lake moja, nao wakalitia uchafu. Tangu siku ile hakukigusa tena kikombe.

Sasa nina binti, Akoth, mwenye usonji. Nampeleka Homa Bay kwa daktari wa kuongea. Nilidhani ataanza na ulimi wa mtoto, kumbe alianza na wangu.

"Mama Akoth, unamuuliza maswali mengi kwa pumzi moja," aliniambia. "Nyamaza kidogo, umngoje. Akikuonyesha kitu, ameshasema. Wewe mpatie jina lake."

Nilinuna, lakini nikajifunza kungoja.

Juzi mama mkwe alikuja kutoka Rodi Kopany na kitu ndani ya leso. Alipofungua, ile harufu ya kiota ikanijia.

"Nyar Kendu," akaniita, yaani binti wa Kendu, "hii imesaidia watoto wengi."

"Mama, hiyo haiingii kwa mdomo ya mtoto wangu."

Akoth akaja na kikombe, akakigonga mezani. Mama mkwe alitaka kusema, nikamwomba angoje. Akoth akanitazama.

"Maji," nikamwambia, nikammiminia.

Alikunywa, akagonga tena. "Ma," akasema.

Mama mkwe alikifunga kiota chake polepole. Nilikichukua nikakitupa chooni, nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Otieno ni mtu mzima sasa. Hunywa maji mtu akikumbuka kumpa.