Namba Iliyozidi Mashina Yake

Kazi yenyewe niliipenda, nisiseme uongo. Kiwanda kimoja cha chai upande wa Konoin kilinipa meza, kompyuta na rekodi za mizani za miaka mingi, kikaniambia: tutafutie wezi. Majani yalikuwa yakichunwa kwa wizi kwenye mashamba makubwa, halafu yanapimwa kwenye senta za kupimia chai ya wakulima wadogo kwa namba ya mtu ambaye shamba lake haliwezi kutoa chai yote hiyo. Mimi nimesomea takwimu, basi nikatengeneza modeli. Unaipa idadi ya mashina ya mkulima, mvua iliyonyesha na tarehe aliyopogoa miti yake, nayo inakwambia kilo anazofaa kuleta. Akizidi wiki baada ya wiki, namba yake inatoka kwa rangi nyekundu. Meneja akiiona, anaifunga. Na huku kwetu ukifungiwa namba huuzi chai tena, mashina yako yanabaki kuwa ua wa boma tu.

Namba nyekundu ya kwanza ilikuwa ya kogo.

Kogo ni nyanya, kwa lugha yetu. Huyu si nyanya yangu wa damu, ni jirani ya mama kule Boito, lakini ndiye aliyeninyoa kichwa nikiwa mdogo na kunipiga kofi nilipotingishika. Ana vishina vichache nyuma ya nyumba, na msimu huo mvua ya mawe ilikuwa imevipukutisha vyote. Tena vidole vyake vimekakamaa, kifungo cha sweta kinamshinda. Mtu kama huyo anapeleka wapi majani ya wizi? Nikarudia hesabu mara tatu. Modeli haikukosea. Kogo alikuwa anapima chai ambayo haikutoka kwake, na meneja alitaka orodha Ijumaa.

Nikapandwa na hasira. Nilidhani kuna kijana mjanja anamtumia yule mzee. Alhamisi mchana nikaenda senta mwenyewe, nikasimama kando ya mizani na daftari langu kama askari.

Akina mama walikuwa wamemwaga majani juu ya magunia, wanachambua yale magumu kabla karani hajayaona. Kogo alikaa mwisho wa laini na kikapu chake, kitupu. Halafu kila mama aliyesimama kwenda kupima akapita karibu naye, akachota konzi moja kwenye kikapu chake, akaidondosha kwa kile cha kogo, akaendelea na maneno yake. Hakuna aliyesema chukua, hakuna aliyesema asante. Wa kumi na moja alikuwa mama yangu mzazi. Yeye alichota kwa mikono yote miwili.

Nyumbani nikamrukia. “Mama, mnajua hiyo ni makosa? Majani ya mtu yanapimwa kwa namba yake!”

“Si ni majani tu,” akasema, akinimiminia chai.

“Kesho meneja atamfungia kogo namba!”

“Kwani nani atamwambia?”

Aliniangalia mpaka nikaona aibu.

“Hiyo kompyuta yako,” akasema, “imewahi kushika jani hata siku moja?”

Alasiri hiyo hiyo nikarudi kazini na kichwa moto. Nikaacha kumtazama kogo peke yake, nikatazama senta nzima, na jambo lenyewe likajitokeza. Kila siku kogo alipozidi, majirani zake kumi na mmoja walipungua kidogo kidogo. Ukijumlisha walichopungukiwa, ni kile kile kogo alichozidi. Majani ya wizi yanaongeza jumla ya senta, kwa sababu yametoka nje. Haya hayakuongeza hata kilo moja. Jamani, niliruka kwenye kiti! Nilikuwa nimepata njia ya kumtenga mwizi na jirani mwema.

Nikaona nithibitishe vizuri, nirudi miaka ya nyuma, nione kama senta yetu imewahi kufanya hivyo tena. Ilikuwa imefanya, mara moja. Mkulima alikuwa amepogoa shamba lote, na mti uliopogolewa hautoi jani la kuchuna kwa miezi. Lakini namba yake ilipima kila siku ya kupima, bila kukosa, na majirani wote walipungua kidogo. Nikaifungua ile namba.

Ilikuwa ya mama.

Mwaka huo nilikuwa chuoni. Nilikuwa nikipiga simu kila Jumapili, naye akiniambia wako salama, ng'ombe amezaa, nisome. Sikungoja jioni. Nikampigia pale pale.

“Mama, ule mwaka ulipogoa shamba lote, ulikuwa wapi?”

Akasema kama anayeniambia habari ya mvua, “Hospitalini. Walinipasua tumbo, nikakaa sana. Nikaona kama sitachuna, afadhali chai ikatwe.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeacha shule.”

Woi, mama! Takwimu zote ninazojitapa nazo nilizisoma kwa konzi za wale wanawake, na mimi nilikuwa nimeenda kuwasimamia na daftari.

Ijumaa nikampelekea meneja orodha. Namba za wezi nilizipata, ziko senta nyingine, na jumla zao zilikuwa zimepanda wazi wazi. Chini ya hizo niliandika namba mbili pekee, na ukurasa mmoja wa maelezo, hata hayo ya hospitali. Meneja ni mtu wa sheria, hata chai yake huinywa kwa saa. Akasoma ukurasa wote, akarudia.

“Sheria ni moja kwa wote,” akasema. “Kati ya hizi mbili, hii ya juu ni ya nani?”

“Ya mama yangu. Ukifunga, anza na hiyo.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa siku nzima, maneno yote nimeyapanga. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa tai yake.

“Alipona?” akaniuliza.

“Alipona.”

Akachukua kalamu, akapiga mstari kuitoa namba ya mama kwenye orodha, kisha ile ya kogo. Nami, mtu mzima na digrii yangu, nikakaa kwenye kiti cha wageni nikalia mbele ya bosi wangu.