Baiskeli Iliyopandisha Mahari

Jumla ilikuwa shilingi elfu tisini na nne na mia sita. Nilipohesabu mara ya pili nikapata elfu tisini na nne, mia tisa na hamsini, kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa nimesahau bendeji. Baiskeli peke yake ilikuwa elfu themanini. Viatu, kofia ngumu na kaptula ndivyo vilivyokula zilizobaki. Mke sijamtia humo. Yeye ana hesabu yake.

Niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake ya Diani arudi kwao. Alianza na laki na ishirini. Nikamtazama kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia baiskeli haina keria, haina kengele, haina stendi, na tairi zimekonda kama kamba ya kuanikia nguo. Akanieleza kwamba ndivyo inavyotakiwa, kwamba wepesi ndio unaolipiwa. Nikasema mimi silipii vitu visivyokuwapo. Ilipobaki siku moja apande ndege, tukakutana kwenye themanini.

Ni baiskeli ya mbio. Unaiinua kwa vidole viwili. Pedali zake hazikanyagwi kwa ndara. Zina viatu vyake, vyenye kipande kigumu chini kinachonasa, mguu na baiskeli vikawa kitu kimoja. Ukitaka kuuchomoa mguu unapinda kisigino kwa nje. Ni jambo jepesi, mradi usiwe na haraka.

Kila Jumapili, baada ya swala ya alfajiri na kabla jua la kaskazi halijakasirika, kundi letu lilitoka Ukunda hadi Msambweni na kurudi. Wenzangu wengi ni watu wa bara wanaofanya kazi mahotelini. Wao hupita tu. Mimi ni mzaliwa wa Kwale, siwezi kumpita mtu mzima kama ninayepita nguzo ya stima. Kila mzee nilimpunguzia mwendo, "Shikamoo!", na marahaba ikinifikia wenzangu wameshatoweka. Rafiki yangu mmoja, mpishi wa hoteli, alikuwa akinicheka: "Buda, kwani unasaka kura?"

Tena hao ni wapita njia. Mkwe ni habari nyingine. Mkwe husalimiani naye ukiwa umekaa juu ya kitu. Unashuka, unasimama, unampa mkono.

Na siku hizo mimi nilikuwa nikitafuta mkwe. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mshenga, akinipelekea posa katika nyumba moja ya Msambweni. Wenyewe walitaja mahari ya elfu themanini. Nikamfundisha mjomba la kusema: "Kijana ana kibanda cha kutengeneza simu pale Ukunda. Hana hata pikipiki, wallahi. Anakwenda kwa baiskeli." Kila neno lilikuwa la kweli. Kwetu mwanamume wa umri wangu anayekwenda kwa baiskeli huombewa dua.

Mjomba akarudi na arobaini na tano.

"Mzee wa watu alikaribia kulia," akanambia.

"Ulipomtajia baiskeli?"

"Nilipomtajia baiskeli."

Jumapili iliyofuata, karibu na Msambweni, nikamwona huyo mzee anakuja upande wa pili wa barabara. Alikuwa juu ya baiskeli yake nyeusi, ile nzito ya kubebea magunia, na nyuma amefunga mihogo iliyofunikwa leso. Aliniona. Kwa kuwa ni mtu wa adabu zake, alishuka yeye kwanza akasimama kando kunisubiri. Mkwe amekutangulia kushuka! Nikavuka, nikafunga breki, nikapinda kisigino cha kulia, mguu ukachomoka vizuri kabisa. Kisha nikaangukia kushoto.

Nilianguka polepole, kama mgomba uliokatwa, na baiskeli ikaja nami. Nikafikia miguuni pake.

"Shikamoo, baba," nikasema nikiwa chini, maana sikuwa na jingine la kufanya.

"Marahaba, mwanangu. Usijisumbue kuinuka."

Hapo ndipo alipoiona kaptula. Kaptula ya waendesha baiskeli inabana mpaka siri. Mzee akageuza uso akawa anatazama minazi, kama anayehesabu madafu. Bila kunitazama akaifungua leso kwenye mihogo, akanyoosha mkono nyuma.

"Jistiri kwanza. Salamu hazikimbii."

Nikajifunga leso ya mihogo. Ilikuwa na maandishi kuhusu subira. Mzee akageuka, akatazama goti langu linalovuja damu, kisha baiskeli.

"Nayo mbovu, maskini. Haina hata stendi."

"Ndiyo, baba. Tunajikongoja tu."

Mambo yangeishia hapo, na huruma yake nadhani ingenipunguzia elfu tano nyingine. Lakini mpishi alikuwa amegeuka kunitafuta. Akafika, akaliruka goti langu, akainyakua baiskeli na kuanza kuigonga kwa ukucha.

"Buda, angalia fremu! Kama imepasuka, themanini imeenda!"

"Themanini nini?" akauliza mzee.

Nilikohoa. Nilikohoa sana. Lakini kwao mpishi, mkubwa akiuliza hujibiwa.

"Elfu, mzee. Themanini elfu. Na hapo alipunguziwa!"

Mzee akaitazama baiskeli yake, akaitazama yangu, akanitazama mimi na leso yangu. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo.

"Themanini," akasema. "Nimeshawahi kuisikia hesabu hii."

Akapanda akaenda zake. Leso hakuitaka.

Nilirudi Ukunda nimefungwa leso, goti linawaka, lakini sikuwa naliwaza goti. Nilikuwa namuwaza binti yake. Ni mwalimu wa chekechea. Alikuja kibandani kubadilisha kioo cha simu, akapatana nami bei mpaka nikabaki na faida ya chai. Akarudi na simu ya dada yake. Tangu hapo sikuwa nimemtaka mwingine. Na sasa nilikuwa nimempoteza kwa kutaka kuokoa elfu thelathini na tano.

Alipiga simu kabla sijavua viatu.

"Baba ameingia chumbani hasemi na mtu. Umefanya nini?"

"Nimeanguka."

"Kuanguka si kosa."

Nikamweleza yote, bei pamoja nayo. Safari hii sikukohoa.

"Niachie mimi," akasema, akakata.

Mjomba aliitwa siku ya tatu. Alirudi anajipepea kwa kofia, akataka chai kwanza. Wazee, akasema, walikuwa tayari kuirudisha posa. Mmoja tu alinitetea: kijana anayejua kuulilia umaskini namna hii, mkewe hatalala njaa. Mwisho baba mtu akasema mahari ni haki ya binti, aulizwe mwenyewe.

"Akasemaje?"

"Arobaini na tano ibaki palepale."

Nikashusha pumzi.

"Na baiskeli."

Nikapiga hesabu: laki moja na ishirini na tano elfu. Nikarudia, ikatoka ileile. Nilikubali kabla mjomba hajamaliza kikombe.

Tumeoana, alhamdulillahi. Baba mkwe hunitania kila nikienda kumwamkia. Huniuliza kama nimekuja na miguu yangu. Baiskeli imetundikwa ukutani sebuleni kwetu, na mke wangu mwenyewe huipangusa kila Ijumaa. Haiendeshi. Anasema mali si lazima itembee. Nikitaka kuitumia nimwombe, na kodi yake ni mia tano kwa Jumapili. Nimempa mia mbili. Amekataa. Nimepanda hadi mia mbili na hamsini, akaniuliza kama nimewahi kusikia mahari ikipatanwa mara mbili.

Sasa ninyi mliooa kabla yangu, nishaurini. Nimlipe hizo mia tano nikae kimya, au kuna njia ya heshima ya kumwomba mtu akuazime mahari uliyomtolea? Nijibuni kabla ya Jumapili, maana mpishi ameshaanza kuniuliza.