Nilihamisha Redio, Kisha Nikamhamisha Mtoto

Wacheni niwaambie kitu nilichokiamini mimi, mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne. Ati mtu akichomwa na ile mashine ya kansa kule Nairobi, anarudi nyumbani na miale mwilini. Ati akikaa karibu na redio, anakunywa betri. Kuku wanaacha kutaga. Maziwa yanaganda hata kabla hujawasha moto. Na mtoto mdogo akipakatwa na mtu huyo, mifupa yake haikomai tena, anabaki laini kama ndizi iliyoiva.

Nilimeza yote hayo bila maji!

Kosa ni langu, sitalisukuma kwa mtu. Jina langu tu ndilo nimelificha, kwa sababu kijiji chetu, Kiogoro, ni kidogo na mdomo wake ni mkubwa.

Mimi nauza vitambaa katika duka la Mhindi mmoja mjini Kisii. Masomo yangu niliyapata usiku, duka likishafungwa, nikisoma mpaka koroboi ikaniomba likizo. Siku niliyopata cheti nilikitembeza kijiji kizima, hata ng'ombe wa jirani walikiona. Tangu hapo mtu akiwa na jambo linalomsumbua, anakuja kuniuliza. Na mimi nilikuwa najibu! Hata nisilolijua nalijibu, tena kwa sauti kubwa.

Basi mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mke wangu, Mama Moraa, akapatikana na kansa ya mlango wa kizazi. Tukatumwa Nairobi, kwenye hospitali yenye mashine. Alikaa huko wiki nyingi kwa dada yake, akienda kuchomwa na kurudi, na aliyekuwa akimshika mkono ni mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu. Mimi nilibaki nyumbani na Moraa, binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunga maneno.

Matibabu yalipokwisha, nilienda kuwachukua. Muuguzi wa pale penye mashine, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akatoka mlangoni.

"Wenye huyu mama waingie wote. Nataka kuwaeleza jinsi ya kumtunza nyumbani."

Nikachungulia. Ndani mama mkwe alikuwa amekwisha kuketi.

Sasa, msomaji ambaye si wa kwetu, elewa. Sisi Abagusii tuna chinsoni, zile heshima za kuoneana haya. Nikikutana na mama mkwe njiani, mimi naingia shambani mwa watu mpaka apite. Leo nikae naye chumba kimoja, tusikilize pamoja habari za kizazi cha binti yake? Heri nimezwe na sakafu!

"Sista, mimi niko sawa hapa nje," nikasema.

"Uko sawa na nini? Umetoka Kisii yote hiyo uje kulinda mlango?"

"Nitaambiwa baadaye."

"Na nani?"

Nikacheka. "Sista, mimi nimesoma. Nitaelewa tu."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyevaa tai. Akafunga mlango.

Woi! Ule mlango! Mpaka leo nikiukumbuka nataka kujipiga kofi. Majibu yote ya maisha yangu yalikuwa yakisemwa nyuma ya ubao ule, kwa Kiswahili rahisi, bure, na mimi niko nje natabasamu!

Kwenye benchi la nje palikuwa na mzee wa koti refu, mwenye uhakika kuliko mahubiri. Yeye ndiye aliyenipa habari za miale, betri na mifupa.

"Wewe umeona kwa macho yako?" nikamuuliza. Si nimesoma?

"Jirani ya shemeji yangu aliona," akasema.

Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe akaendelea hadi kwake Nyamarambe. Mimi nikaanza kazi. La kwanza, redio. Niliibeba asubuhi yake nikaipeleka dukani. Mhindi wangu akaitazama pale juu ya vitambaa.

"Hii redio yako nakuja kukaa hapa kwa nini? Nyumbani iko shida gani?"

"Nyumbani umeme umezidi, bosi."

"Kiogoro napata stima lini?"

Tukacheka wote wawili. Yeye alikuwa akinicheka. Mimi nilidhani tunacheka pamoja.

La pili, nilimtandikia Mama Moraa kitanda kwenye jiko la nje. Nikampa kikombe chake, sahani yake, na ndoo yake. Nikamwambia ni apate hewa safi. Hewa safi jikoni, jamani, penye moshi wa kuweza kukausha samaki!

La tatu ndilo linalonitafuna. Nilimbeba Moraa mgongoni nikapanda naye mpaka Manga, nikamwacha kwa mama yangu. Nilimwambia mama ni kwa muda kidogo tu. Mtoto alilia mpaka nikateremka kilima chote cha Manga nikiwa nimeziba masikio.

Kisha kuku wakaacha kutaga! Walikuwa wakinyonyoka manyoya tu, kama kila mwaka, lakini mimi nilitikisa kichwa kama profesa. Nikasema, yule mzee wa koti hakukosea.

Mama Moraa hakuwa na nguvu. Tumbo lilikuwa likimwendesha, na ngozi ya nyonga ilikuwa imeungua ikawa nyeusi, nguo ikiigusa anakunja uso. Nami mume wake nilikuwa nikimwachia chakula mlangoni, nabisha, kisha naondoka mbio kabla hajafungua. Maji alikuwa akijichotea mwenyewe kisimani.

Siku moja akanisimamisha uani.

"Baba Moraa, mtoto anarudi lini?"

"Atarudi. Wewe pumzika."

Akasogea. Mimi nikarudi nyuma. Akasogea tena, nami nikarudi tena, mpaka nikagonga tangi tupu la maji ya mvua.

"Nanuka?" akaniuliza polepole.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, la, mke wangu, mimi naogopa miale. Angenijibu, tungemaliza maneno siku hiyo hiyo. Lakini mimi ni mtu wa mzaha. Nikamwambia, "Ukinuka ni harufu ya Nairobi tu, itaisha!" Nikacheka.

Nilicheka peke yangu. Aliingia jikoni akafunga mlango, na baada ya siku ile hakunisimamisha tena. Alidhani namchukia kwa sababu ya mahali ugonjwa ulipoingia. Mimi nilidhani anaijua habari ya miale na anakaa mbali kwa kunihurumia. Wawili, ua mmoja, kila mmoja na kesi yake!

Mahindi yakavunwa. Yakakauka, yakapukuchuliwa. Moraa bado yuko Manga.

Ndipo asubuhi moja nikasikia hodi. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe! Ana kapu la unga wa wimbi kichwani, na nyuma yake Mama Moraa anapanda kilima na mtungi wa maji, amekonda kama fimbo.

Nilitokea dirisha la nyuma. Kweli, mtu mzima, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, suruali ikashikwa na msumari ikachanika. Nikaanguka katikati ya migomba. Nikainuka nikimbie.

"Yaya!" akaita. Kwetu hiyo ni kusema hapana, na alivyoisema yeye hata mgomba ungesimama. "Simama hapo hapo. Usigeuke, nami sitakutazama. Lakini leo utanisikia."

Nikasimama, mgongo nimempa. Kati yetu palikuwa na majani ya migomba tu. Nadhani hakuna mama mkwe aliyewahi kusema na mkwe wake namna ile, na nilihisi masikio yananiwaka.

"Nimemkuta binti yangu amebeba maji. Sista alisema asibebe kitu kizito. Nasikia analala jikoni. Nimeuliza mjukuu wangu yuko wapi, analia tu. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama."

"Basi ni nini?"

"Ni miale," nikaiambia ile migomba. "Nilisikia akimpakata mtoto, mifupa..."

Nilipoyasikia maneno yale kwa sauti yangu mwenyewe, mchana kweupe, yalikuwa upuuzi mtupu.

Nyuma yangu akatua kapu chini. Kisha akanijibu, na jibu lake nitaliandika mwisho, maana yafaa yeye ndiye amalize.

Siku hiyo hiyo nilipanda Manga. Moraa alikuwa amekua. Nilimrudisha mpaka kwa mama yake, Mama Moraa akapiga magoti na kufungua mikono, na mtoto akajificha nyuma ya mguu wangu. "Huyu ni nani?" nikamwuliza. Akamtazama sana. "Mama Moraa," akasema, kama jirani tu!

Kwake yeye, mama alikuwa yule bibi wa Manga. Sasa Moraa anasoma darasa la pili. Akianguka, akiumwa jino, analia akimwita bibi. Mama yake anamfuta machozi. Mke wangu amepona, anaenda kliniki na kurudi, ana mwili sasa. Amenisamehe, anasema. Lakini huwa nikimtania hacheki kwanza. Ananitazama, apime kama ni mzaha au kisu.

Inaniudhi! Inaniudhi kwamba niliamini benchi nikaukwepa mlango. Inaniudhi kwamba niliyekuwa najibu maswali ya kijiji kizima sikumwuliza sista swali hata moja!

Ndugu yangu, muuguzi akikuita ndani, ingia. Kama mama mkwe yumo, geuza kiti utazame ukuta, lakini masikio yaingie. Usimwache mgonjwa wako achukuliwe na hadithi za watu wa koti refu. Ukiogopa kitu, kitaje kwa mgonjwa mwenyewe, usimwache ajaze pengo kwa kudhani ananuka.

Na sasa mama mkwe, nyuma ya majani ya migomba, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga vifungo vya shati:

"Tulimuuliza sista jambo hilo hilo. Alisema mashine ikizimwa, imezimwa. Binti yangu hakurudi na miale yoyote. Mrudishie mtoto wake ampakate."