Mpaka Ndani ya Yai la Nzi

Tabea Mwalongo, binti wa wakulima wa Kifanya, alifundisha baiolojia kidato cha sita mjini Njombe. Septemba 1995 alileta darasani picha mbili kutoka jarida la sayansi ambalo shule ilipewa na wafadhili. Zilionyesha yai la nzi wa matunda, ambamo jeni moja hufanya kazi upande wa mbele tu. Katika picha ya kwanza mpaka wake ulikuwa na madoa yaliyoingiliana. Katika ya pili, iliyopigwa kama saa moja baadaye, ulikuwa umenyooka.

"Mwalimu, nani kaunyoosha?" aliuliza Oktavia, mmoja wa wanafunzi.

"Sijui," alijibu Tabea.

Habari zikamfikia mkuu wa shule, Mwalimu Damiano. "Ukisema hujui, watakusikiliza tena?" alimwuliza ofisini kwake.

Tabea aliamua kulitafuta jibu mwenyewe. Alifuga nzi kwenye chupa za jamu kwa ndizi mbivu. Kundi la kwanza liliuawa na baridi. La pili akaliweka karibu na jiko. Chini ya hadubini ya shule mayai yalionekana kama punje za mchele, bila mpaka wowote. Rangi ya kuionyesha jeni hawakuwa nayo. Akamwandikia mhadhiri wake wa zamani, sasa profesa Dar es Salaam.

Jibu lilifika Juni mwaka uliofuata. Oktavia alikuwa ameshamaliza shule, anauza mitumba Makambako kwenye kibanda cha Mama Hajira. Tabea akapanda basi dogo, akamfuata.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Swali lako limejibiwa."

Oktavia alisoma barua akiwa amekalia belo la suruali. Mhadhiri alieleza kwamba protini inayotokana na nzi mama hujaa mbele ya yai na kupungua kuelekea nyuma. Viini vya seli ndani ya yai hukisia mahali vilipo kwa kiasi cha protini hiyo, na mwanzoni viini jirani hukisia tofauti. Kisha jeni za mbele na za katikati huzimana: moja ikishika nguvu, nyingine hunyamaza. Ndivyo madoa yanavyokwisha.

"Hapa anasema bado hawajui kwa nini mpaka hauhami, yai hadi yai."

"Ndiyo."

"Naye ni profesa."

Tabea alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ofisini kwa mkuu.

Oktavia alikuwa amepanga kusomea uhasibu. Kwenye fomu ya chuo kikuu akaandika zoolojia. Baba yake hakufurahi, lakini alimpa nauli.